Kidonda cha Kifua na Mashini Yenye Kuona Moyo
Somo kwa wamama wa kliniki



Kila juma tunaongea nanyi hapa kwenye mabenchi juu ya malaria, kuhara, chanjo na chakula cha mtoto. Leo somo letu ni la namna ingine. Tutasema juu ya mtu aliyechomwa kifuani na kisu, mshale, chuma ao risasi.

Labda mama mmoja atauliza: "Hiyo ni kazi ya munganga wa operasio. Sisi inatuhusu nini?" Inawahusu sana, juu mtu wa kwanza kufika kwa mgonjwa si munganga. Ni mama yake, ao dada yake, ao jirani aliyekuwa anatwanga sombe kando ya nyumba. Mambo mtakayofanya katika dakika zile za kwanza, na mambo mtakayokataa kufanya, yanaweza kumfikisha mgonjwa hospitali akiwa mzima.

1. KIJANA WA KIDONDA KIDOGO

Wakati nilikuwa infirmiye kijana katika kituo kidogo cha afya, mbali na barabara, kijana mmoja alikuja kwa miguu yake mwenyewe. Aligombana na mwenzake penye pombe. Alikuwa na kidonda chini ya titi la kushoto, kidogo, hakipiti ukucha wa kidole gumba. Damu ilikuwa imekwisha kukauka. Alikuwa anaongea vizuri, hata alikuwa anaona haya.

Nilisafisha kidonda, nikashona nyuzi mbili, nikamwambia akae kwenye benchi. Kiisha nikaenda kuangalia wagonjwa wengine, juu walikuwa wengi.

Nyuma ya muda kidogo alianza kuhangaika. Alitaka maji. Akasimama, akakaa, akasimama tena. Jasho baridi lilimtoka, mishipa ya shingo ikavimba. Nilitia serumu, nikaita watu wa kubeba tipoyi. Hatukufika barabara kubwa.

Kidonda changu kilikuwa kimeshonwa vizuri sana, lakini mtu amekufa. Nilishona ngozi, na shida ilikuwa chini ya ngozi. Ninawaeleza wanafunzi wangu wa shule ya uuguzi habari hii kila mwaka, na leo ninawaeleza ninyi, wapate kujua kwamba kidonda kidogo cha kifua si jambo dogo.

2. MOYO NA MFUKO WAKE

Funga mkono wako ngumi. Moyo wako ni karibu na ukubwa ule. Uko katikati ya kifua, nyuma ya mfupa wa mbele, umeelekea kidogo upande wa kushoto. Kazi yake ni mbili tu: unajaa damu, kiisha unakamuka na kusukuma damu ile mwilini. Unajaa, unakamuka. Mchana na usiku, hata ukilala.

Mungu ameufunika moyo na mfuko. Ndani ya mfuko ule mna maji kidogo, vijiko vichache tu, ili moyo uteleze bila kukwaruzwa. Mfuko ule ni mgumu. Haupanuki mbiyo sawa puto la watoto. Ni sawa kikwembe kilichofungwa imara.

Sasa tufikiri. Kisu kimeingia, kimetoboa mfuko, kimetoboa na moyo. Mara nyingi ni chumba cha mbele cha upande wa kuume ndicho kinaumia, juu kiko karibu na mfupa wa mbele. Kisu kinatoka. Tundu la mfuko linazibwa na damu iliyoganda, lakini moyo unaendelea kutokwa na damu, na damu ile haina njia. Inabaki kati ya moyo na mfuko.

Hapo moyo unabanwa. Unataka kujaa, hauna nafasi. Usipojaa hauna cha kusukuma. Ni sawa mama aliyefungwa kitenge kifuani kwa nguvu sana: pumzi iko nje, lakini hawezi kuivuta.

Je, damu ngapi inatosha kuua namna hii? Mtu mzima anayemtolea ndugu yake damu hutoa karibu mililita 450, kiisha anakunywa kitu na kurudi nyumbani. Lakini ndani ya mfuko wa moyo, mililita 150 ao 200 zilizoingia mbiyo zinaweza kusimamisha moyo wa mtu mzima. Haijai glasi moja. Kwa mtoto ni kidogo zaidi. Ndiyo sababu nguo za mgonjwa zinaweza kuwa safi, na yeye anakufa.

3. PAHALI PA HATARI NA ALAMA ZAKE

Pahali pa hatari zaidi ni mbele ya kifua: toka mifupa ya mabega hata mwisho wa mbavu, na kati ya titi moja na lingine. Lakini kisu kirefu kinaweza kufika moyo kupitia kwapani, mgongoni ao juu ya tumbo. Risasi inaweza kuingia hapa na kupita mbali. Basi kila kidonda cha kuchomwa katika kifua, mgongo wa juu, shingo ya chini ao tumbo la juu ni cha kupeleka hospitali siku ile ile, saa ile ile.

Alama zinazoonyesha kwamba moyo unabanwa ao damu inapungua:

– mgonjwa anahangaika, hatulii, anasema "ninakufa";
– jasho baridi, mikono na miguu baridi;
– moyo unapiga mbiyo sana, lakini mshipa wa mkono ni dhaifu, unatafutwa kwa shida;
– mishipa ya shingo imevimba (lakini mtu aliyepoteza damu nyingi hawezi kuonyesha alama hii);
– pumzi fupi;
– usingizi wa ajabu, ao kuzimia.

Musingoje alama hizi zionekane ndipo muanze safari. Zikionekana, saa imekwenda.

4. RADIO NA EKOGRAFI

Mgonjwa amefika. Kidonda cha nje hakimwambii munganga kisu kilikwenda wapi. Na hatuingizi kidole ao chuma katika kidonda kupima urefu wake, juu tunaweza kutoboa zaidi na kuondoa damu iliyoganda ambayo imeziba tundu. Basi munganga anahitaji macho ya kuona ndani.

Jicho la kwanza ni radio ya kifua. Inaonyesha risasi iko wapi, mbavu zilizovunjika, hewa ao damu iliyozunguka mapafu. Ni kazi nzuri. Lakini moyo uliochomwa sasa hivi unaweza kuonekana wa kawaida kwenye radio, juu damu ya mfuko bado ni kidogo na mfuko haujapanuka. Basi radio nzuri haitoshi kusema moyo ni mzima.

Jicho la pili ni ekografi. Wamama wengi mnaijua. Ni mashini ile ile inayoonyesha mtoto tumboni. Munganga anapaka mafuta baridi, anaweka kichwa cha mashini kwenye ngozi, na sauti ndogo ambazo sikio la mtu haliwezi kusikia zinaingia mwilini na kurudi. Mashini inageuza sauti zile kuwa picha. Haina miali ya radio, haichomi, haiumizi mtoto wala mama mwenye mimba.

Kwa mtu aliyechomwa kifuani, munganga anaweka kichwa cha mashini chini ya mfupa wa kifua, pale mbavu zinapokutana juu ya tumbo, na kukielekeza juu, upande wa bega la kushoto. Anaona moyo unavyocheza. Kama mfuko hauna damu, ukuta wa moyo na mfuko vimekaribiana. Kama damu iko, mara nyingi anaona mstari mweusi umezunguka moyo. Kwa mtu aliyejifunza vizuri ni kazi ya dakika chache, palepale kitandani, bila kumhamisha mgonjwa. Kiisha anaangalia na tumbo, na pande mbili za mapafu, kutafuta damu ingine.

Katika miji mikubwa kuna na mashini ingine, skana. Inaonyesha mambo mengi, lakini mgonjwa anapaswa kupelekwa kwenye chumba chake na kulala pale. Mtu ambaye mshipa wake unapotea hapelekwi kwa skana. Na kama mgonjwa anakufa mbele ya macho yetu, munganga hangoji picha yoyote. Anakwenda naye moja kwa moja kwenye chumba cha operasio. Basi mukiona tumekimbia naye bila radio, musiseme: "Hawakumpima." Hali yake imekwisha kutuambia.

5. HABARI FUPI YA ZAMANI

Zamani wanganga wakubwa walifikiri moyo haushoneki. Lakini tarehe 9 Septemba 1896, katika mji wa Frankfurt, Ujerumani, munganga Ludwig Rehn alishona moyo wa kijana aliyechomwa kisu. Alitia nyuzi tatu za hariri, na kijana akapona. Mwaka 1902, huko Montgomery, Marekani, munganga Luther Hill alishona moyo wa mtoto wa miaka 13 usiku, nyumbani kwao, juu ya meza, kwa mwangaza wa taa za mafuta. Mtoto yule naye akapona.

Ekografi ya moyo ilianza mwaka 1953 katika mji wa Lund, huko Sweden. Munganga Inge Edler na mwenzake Hellmuth Hertz waliazima mashini iliyokuwa inatumiwa kutafuta nyufa katika vyuma. Mwaka 1958 munganga Ian Donald wa Glasgow alitangaza picha za ekografi za matumbo ya wamama. Kiisha mashini ikawa ndogo, na leo ziko zinazobebwa mkononi na kufanya kazi kwa batri wakati kuran imekatika.

Mwaka 1999 wanganga wa Marekani waliandika juu ya wagonjwa 261 ambao vidonda vyao viliwapa mashaka ya moyo. Watu 29 kati yao walikuwa na damu kweli katika mfuko wa moyo, na ekografi iliwaona wote 29. Wengine 7 iliwaonyesha damu ambayo haikuwako.

6. MTOTO WA CHUMA CHA KINGA

Sasa niwaeleze habari ya pili, juu ya kwanza ilikuwa ya huzuni.

Mtoto mmoja, darasa la tatu, alichukua chuma cha gurudumu la kinga, akakinoa kwa jiwe kiwe mshale. Alikimbia nacho, akajikwaa, akaanguka juu yake. Chuma kiliingia kando ya mfupa wa kifua. Kipande cha nje kilikuwa kinatikisika kidogo kidogo. Kilikuwa kinatikisika pamoja na moyo.

Watu walikusanyika. Mzee mmoja akasema: "Mama, chomoa! Chuma kitamwua." Mama yake akajibu: "Hapana, baba. Kliniki walitufundisha tusichomoe." Wakamkemea. Shemeji yake akanyoosha mkono akichomoe mwenyewe, mama akamshika mkono mbele ya watu wote. Si jambo dogo kwa mwanamke kumshika shemeji yake mkono namna ile. Akakunja vikwembe viwili, akaviweka huku na huku ya chuma, akavifunga polepole kisicheze. Jirani alileta pikipiki. Mama alikaa nyuma, mtoto katikati ameegemea mama, uso mbele, bila kitu kugusa chuma. Mume wake aliletwa na pikipiki ya pili, apate kutoa damu.

Infirmiye wa kituo hakumkawiza. Alitia serumu, akapiga simu hospitali: "Mtoto, chuma kifuani, kinatikisika." Walipofika, grupu ilikuwa imewashwa na chumba cha operasio kiko tayari. Ekografi ilionyesha mstari mweusi umezunguka moyo. Munganga alifungua kifua, akafungua mfuko, akaondoa damu, na hapo tu, akiona kwa macho yake, akachomoa chuma. Aliweka kidole kwenye tundu, kiisha akashona. Mishipa ya shingo ikashuka.

Kama chuma kingechomolewa nyumbani, tundu lile halingekuwa na kizibo. Yule mtoto amerudi shule. Alama ya nyuzi anawaonyesha wenzake kwa majivuno.

7. MASHINI INAWEZA KUKOSEA

Ni vizuri mujue na upande huu, musije mukamlaumu infirmiye bure.

Ekografi inategemea macho ya mtu anayeishika. Mafuta yaliyozunguka moyo yanaweza kudanganya yakafanana na damu. Na iko hatari ingine kubwa: kama tundu la mfuko limebaki wazi, damu inatoka katika mfuko na kumwagika upande wa pafu la kushoto. Hapo mashini inaonyesha mfuko hauna kitu, na moyo umetobolewa. Ndiyo sababu munganga akiona damu upande wa kushoto hatulii. Anarudia ekografi mara ya pili na ya tatu, ao anafungua tundu dogo chini ya mfupa wa kifua aone kwa macho.

Basi tukisema, "Picha ni nzuri, lakini abaki usiku huu tumwangalie," musimtoroshe mgonjwa kwa dirisha. Hatutafuti pesa. Tunangoja kuona kama moyo utasema kitu kingine.

8. MAMA AFANYE NINI?

Fanya:

1. Mlaze ao mkalishe namna anavyopumua vizuri. Wengi wanapenda kuketi nusu. Akizimia, mlaze.
2. Kisu, mshale ao chuma kikiwa bado ndani, kiache. Weka vitambaa safi vilivyokunjwa pande zote na kufunga kisicheze.
3. Kama kitu kimekwisha kutoka, usikirudishe. Weka kitambaa safi juu ya kidonda. Damu ikitoka sana, gandamiza kwa mkono.
4. Kama hewa inalia kwenye kidonda, ukifunike kidogo tu na kitambaa kikavu. Usikizibe kabisa kwa plastiki, hewa itafungwa ndani na kubana mapafu. Kitambaa kikilowa damu, badilisha.
5. Mfunike na kikwembe asipate baridi.
6. Anza safari mara moja. Mtu mmoja abaki kutafuta pesa, mwingine aende na mgonjwa. Peleka na watu wawili wenye afya, wanaoweza kutoa damu.
7. Omba infirmiye wa kituo apige simu hospitali mbele. Mweleze saa ya kuumia, kitu kilichomchoma, urefu wake, na kama mgonjwa ni mama mwenye mimba.

Usifanye:

1. Usichomoe kitu. Hata mkubwa wa jamaa akiamuru.
2. Usimpe chakula, maji, pombe wala dawa ya kunywa. Atahitaji usingizi wa operasio. Akilia kiu, mlowanishe midomo tu.
3. Usitie majani, majivu, udongo ao mafuta katika kidonda.
4. Usimbebe mgongoni kifua kikibanwa.
5. Usingoje mashauri ya jamaa, polisi ao chifu. Mashauri yatangoja. Moyo haungoji.

Na mgonjwa akipona, asisahau chanjo ya tetanosi.

9. MUSIFICHE

Neno hili ninalisema kwa upole, lakini ninalisema. Mara zingine kisu kile kilishikwa na bwana wa nyumba, ao ndugu, ao mtoto wetu sisi. Mama anajifunika kitenge na kusema: "Nilianguka juu ya jiwe." Siku ya pili tunamzika.

Mama, ukija kwetu, sema ukweli juu ya kidonda. Tunauliza kisu kilikuwa namna gani, apate kujua munganga mahali pa kutafuta. Siri ya nyumba yako haitatoka chumbani mwetu bila ruhusa yako. Na wewe jirani ukisikia kelele usiku na asubuhi ukamwona mwenzako hatoki, nenda ukabishe hodi.

Tena tuzuie mapema. Mapanga na mishale viwekwe juu, watoto wasifike. Mtoto asikimbie na kijiti kilichochongwa ao chuma kilichonolewa. Akiokota risasi ao kitu cha vita, asikiguse, awaite wakubwa. Na wanaume wakianza kunywa, wewe ondoa visu mezani.

10. MAULIZO YA KUKUMBUKA

– Juu ya nini kidonda kidogo cha kifua kinaweza kuua bila damu nyingi kuonekana nje?
– Radio nzuri inatosha kusema moyo ni mzima?
– Ekografi inatafuta nini kando ya moyo?
– Juu ya nini hatuchomoi kisu?
– Jirani akisema "mpe maji", utajibu nini?
– Watu gani wawili utawachukua pamoja na mgonjwa?

Mama anayejua kujibu haya amfundishe mwenzake penye maji, na mume wake jioni. Maana siku ya shida watu wengi watapiga kelele kwa pamoja, na sauti ya anayejua inapaswa kuwa na nguvu kuliko zote.

Mungu aliyeumba moyo na mfuko wake awalinde watoto wenu. Na atupe sisi mikono mepesi siku mutakapowaleta.